Dakika Kumi Hadi Batu Jaran

Kijiwe cha Mama Redio hakina ukuta hata mmoja, ndiyo maana hakina siri. Ni berugak kama zile zilizoko mbele ya kila nyumba kisiwani Lombok, Indonesia, nguzo nne, paa la nyasi, jukwaa la mianzi lililong'arishwa na makalio ya watu wasio na haraka, ila hii imekaa pale barabara inapogawanyika, kwa hiyo hakuna mgeni anayepita Dasan Lekong bila kukaguliwa kuanzia kandambili hadi nywele. Kahawa ya hapo hukaangwa pamoja na mchele, inatoka nzito, na ukiimaliza unabaki na tope la kutafuna. Mgeni akipita na kuuliza njia, anaelekezwa. Hiyo ndiyo adabu ya mahali. Kumwambia mgeni "sijui" ni kama kumfungulia mbwa, na tangu berugak ile isimamishwe neno hilo halijawahi kutamkwa pale, hata na wale ambao hakuna wanachokijua.

Siku hiyo, adhuhuri ikiwa imeshapita, walikuwapo watatu wa kudumu. Dira, mwendesha bodaboda, aliyepata jina hilo kwa kuzijua njia zote za kisiwa, kwa maelezo yake mwenyewe. Profesa, aliyesoma chuo mjini Mataram kwa mihula miwili, na huu ni mwaka wa kumi na moja anaisimulia mihula hiyo. Na Mama Redio, kwenye birika na karai lake la ndizi za kukaanga, ambaye jina lake limeshajieleza.

Mahnep akatokea mbio. Mama Zikri huyo, miaka ishirini na miwili, mtoto wa miezi tisa kwenye mbeleko, simu ameishika kama kaa la moto, na miguuni kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani kwa sababu hakupata muda wa kujitazama. Mumewe yuko Malaysia mwaka wa pili sasa, anavuna chikichi za mawese, na amemwachia vyumba viwili nyuma ya nyumba vya kulaza wageni.

— Hawajarudi, akasema kabla hajafika. Wageni wangu, wale wanne, wametoka saa tatu asubuhi kwenda ufukwe wa Batu Jaran, wakasema saa sita watakuwa wamerudi kula, sasa ni saa tisa kasoro, wali umepoa, samaki amepoa, na maji yanarudi alasiri, ule mchanga unafunikwa wote, Dira, si ulisema mwenyewe jana kwamba unafunikwa?

— Unafunikwa mpaka shingoni, akasema Dira kwa raha, kama mtu aliyeulizwa jambo analolimudu. Kaa kwanza. Mama Redio, mpe kahawa.

— Sitaki kahawa.

— Mpe. Huyu sasa hivi hana akili.

Mahnep akakaa ukingoni, nusu ya kukaa, mguu mmoja chini tayari kwa kukimbia ingawa hakujua akimbilie wapi. Zikri akanyoosha mkono kwenye sahani ya ndizi. Angalau mmoja alikuwa na mpango.

— Ni wale wa mabegi? akauliza Profesa. Wasichana watatu na yule kijana aliyening'iniza sufuria mgongoni?

— Ndio hao. Syuhada, Kavitha, Jia Hui na Haziq. Watoto wazuri, Profesa, wananisaidia hata kuosha vyombo.

— Wanaosha kwa sababu umewaambia anayeosha anapunguziwa.

— Sikuwaambia, waliomba wenyewe!

— Unaona! Dira akapiga paja. Watu wametoka Ipoh, Malaysia huko kwenye maghorofa, baba zao wana magari, wanapanda basi la mbuzi kutoka Bangkok mpaka mwisho wa dunia. Bali wamelala watu wanne chumba cha mmoja. Kwenye kivuko wamelala sitahani. Mimi nililala sitahani mwaka juzi kwa sababu sikuwa na hela, hakuna aliyenipiga picha. Wao wanalala pale pale, wanaamka wana mafua, wanaita likizo.

— Pakiti moja ya tambi wanakula wawili, akaongeza Mama Redio. Yule mwembamba ameniomba ndizi ya jana. Nikamwambia mwanangu, ya jana nampa kuku. Akasema basi kwa bei ya kuku.

Wakacheka wote isipokuwa Mahnep, aliyekuwa anatazama barabara ya kushoto, kisha ya kulia, kisha ya kushoto.

— Jamani, wako wapi?

Swali kama hilo pale kijiweni ni sawa na kutupa mfupa.

— Rahisi tu, akasema Dira. Wamepata chumba cha bei nafuu zaidi. Sasa hivi wako Kuta, kwenye hoteli za watalii, wanajadiliana wapunguziwe wakilala bila mito.

— Mabegi yao yako kwangu!

— Wamepunguziwa zaidi kwa kutokuwa na mabegi.

— Wewe Dira huna unachojua cha mapenzi, ndiyo maana mkeo anakaa kwa mama yake, akasema Mama Redio huku akigeuza ndizi. Kijana mmoja, wasichana watatu, wanaondoka asubuhi bila kuaga vizuri. Huyo Haziq ameiba mchumba. Ametuona sisi Wasasak tunavyooa, unamtorosha msichana, unamficha kwa shangazi, kisha ndiyo unatuma watu kwa wazazi. Amependa. Ameiga.

— Shangazi gani? Huyo kijana hapa hana hata binamu!

— Ataazima.

— Na wale wasichana wawili waliobaki? akauliza Profesa.

— Mashahidi.

Mahnep alijikuta anafikiri jambo hilo kwa nusu dakika, maana hofu haichagui chakula. Syuhada jana usiku alimbembeleza Zikri hadi akalala, akamwambia, dada, mimi ndiye mdogo kwetu, sijawahi kushika mtoto mchanga. Mtu wa kutoroshwa hazungumzi hivyo. Au ndivyo anavyozungumza? Yeye mwenyewe Mahnep alipotoroshwa na mumewe alikuwa anaongea habari za chumvi, si za mapenzi.

Profesa akakohoa. Akikohoa hivyo, ujue mihula miwili inakuja.

— Tatizo lenu mnaangalia karibu. Hawa si watalii. Vijana wenye simu kali hivyo, wanavaa fulana moja siku nne, wanaifua kwenye sinki, wanaivaa mbichi. Nani anafanya hivyo bila kulipwa? Wametumwa. Huu ni utafiti wa umaskini. Wanatuchunguza tunavyoishi.

— Sasa si wangetuuliza? akasema Mama Redio.

— Utafiti hauulizi. Na hamjauliza kwa nini Batu Jaran. Kuna fukwe ishirini zenye barabara ya lami. Kwa nini mwamba wenye sura ya farasi usio na hata choo? Batiki yetu Wamalaysia wamesema yao. Ngoma wamesema zao. Nyama ya rendang wamesema yao. Sasa wamekuja kupima mwamba.

— Kupima wafanye nini?

— Wakadai ni mwamba wao! Mwakani utaona picha, Batu Jaran, Perak, Malaysia. Sufuria ile si sufuria. Ni chombo.

— Nimeiosha mimi, ina masizi ya tambi, akasema Mahnep. Jamani, mimi nawaomba. Syuhada hajui kuogelea. Mama yake ameniambia. Anapiga simu kila siku kwangu kwa sababu mtoto haweki salio, anabana hela, na leo saa sita amepiga, akaniuliza mwanangu yuko wapi, na mimi nikaogopa, nikamwambia amekula, amelala.

Kisha Dira akasema:

— Si vibaya. Ni jibu zuri.

— Ni uongo, Dira!

— Nimesema zuri, sikusema la kweli.

Hapo simu ikalia. Mahnep aliitazama kama nyoka. Mama Rokiah wa Ipoh, mama yake Syuhada, jina limejaa kioo kizima. Na wale watatu ambao hawakuwa na la kufanya tangu asubuhi ghafla wakawa na kazi.

— Mwambie yuko chooni, akanong'ona Mama Redio.

— Mwambie anaswali.

— Adhana bado, wewe!

— Basi anaswali sunna.

— Mwambie mtandao mbovu, halafu kata. Toa hivi mdomoni, khaa, khaa...

— Usikate, akasema Profesa. Sema lugha huielewi.

— Nimeongea naye siku tano!

Ikaendelea kulia. Na Mahnep, mtoto anamvuta nywele, kahawa asiyoitaka mbele yake, akakumbuka Ramadhani iliyopita. Mumewe alikaa siku nne bila kupiga. Alipopiga yeye, msimamizi wa shamba akapokea, sauti tamu kabisa, akamwambia amelala. Kesho yake, amelala. Kesho kutwa, amelala. Kumbe mwiba wa mchikichi ulikuwa umempitia unyayo na yupo hospitali na homa, na Mahnep siku zote nne alikuwa amekasirika kwamba mwanamume gani analala hivyo. Alikuwa amemnunia mtu aliyekuwa anatetemeka kitandani. Hilo hakulisahau. Akabonyeza, akaweka sauti ya nje kwa sababu Zikri alikuwa anaivuta simu isikae sikioni.

— Mwanangu, mwamshe tu huyo mvivu, ikasema sauti ya mama, changamfu. Nataka kusikia sauti yake nusu dakika, halafu alale tena.

— Mama, akasema Mahnep. Mama, nilikudanganya. Hajalala. Hayupo. Wametoka asubuhi kwenda ufukweni wote wanne na hawajarudi, na mimi sijui wako wapi, mama, sijui, nisamehe, niliogopa kukuambia, sijui kabisa.

Dira akaweka kikombe chini. Mama Redio akaacha kugeuza ndizi. Neno lilikuwa limetoka mara tatu, mahali pale, hadharani, na paa halikuanguka.

Kisha mama akauliza, taratibu, bila kupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angeipandisha:

— Nani aliwaonyesha njia?

Si swali gumu. Mtoto wa shule angelijibu. Dira akaangalia pikipiki yake. Profesa akaangalia dari, ambayo ni nyasi. Mama Redio akatafuta kijiko alichokuwa amekishika.

— Mnanisikia? Ninyi ndio wenyeji. Nani aliwaonyesha njia?

— Mimi wa kwanza, akasema Mahnep. Mlangoni kwangu. Niliwaambia mbele tu, dakika kumi. Sijawahi kufika huko, mama. Nilisema dakika kumi kwa sababu... kwa sababu wageni wakiuliza tunasema dakika kumi. Nikawaambia wakifika kijiweni waulize tena.

Macho yake yakahamia kwa watatu. Simu ikawekwa katikati ya jukwaa, karibu na ndizi, kama hakimu.

— Waliuliza, akakiri Dira. Niliwaambia kwenye mkuyu washike kushoto.

— Kwa nini kushoto?

— Pikipiki ilikuwa imeelekea kushoto.

— Ya Rabi, ikasema simu.

— Lakini Profesa naye alidakia!

— Mimi nilitoa maelezo ya ziada, akasema Profesa, akivuta kola. Kwamba wakishafika kwenye tanuri la kukaushia tumbaku, wakunje kulia. Njia ya kulia ina kivuli. Nilijali afya zao.

— Mama Redio? akauliza Mahnep.

— Niliwaambia wafuate msikiti mweupe.

— Msikiti upi? Hiki kisiwa kina misikiti elfu!

— Ndiyo maana nilikuwa na uhakika wataukuta.

Mahnep akachukua kikombe chake, akakimimina, na kwa kidole akachora kwa tope la kahawa juu ya mianzi. Hapa kijiwe. Hapa mkuyu, kushoto. Hapa tanuri la tumbaku, kulia. Msikiti mweupe wa kwanza unaouona kutoka hapo. Kidole kikapanda, kikapanda, kikasimama. Wote wakainama. Hata Zikri akainama, akajaribu kuilamba ramani.

— Huko ni Montong Sapah, akasema Dira polepole. Huko ni mlimani.

— Bahari iko wapi?

Dira akanyoosha kidole nyuma ya mgongo wake, upande mwingine kabisa.

— Kwa hiyo hawako majini, akasema Mahnep, akiisogelea simu. Mama, umesikia? Hawakufika baharini! Montong Sapah hakuna maji ila ya kisima!

— Tumewaokoa, akasema Profesa. Fikirini, tungewaelekeza sawasawa...

— Nyamaza wewe, wakasema kwa pamoja Mahnep, Mama Redio na simu.

Kisha mama wa Ipoh akauliza tena, na safari hii kulikuwa na kitu kama kicheko kinachoogopa kutoka:

— Ina maana hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika huko Batu Jaran?

— Mama, akasema Dira, kwa heshima zote, ufukweni tukafanye nini?

— Basi kawafuateni mlikowatuma.

Dira hajawahi kuwasha pikipiki bila kujadili nauli. Siku ile aliwasha. Mahnep akapanda nyuma, mtoto kifuani, kandambili ya kijani ikadondoka hata hawajafika kwenye mkuyu na hakusema simama. Kushoto. Tanuri la tumbaku, kulia, kivuli kweli kipo, Profesa hakudanganya kila kitu. Hofu yake ilikuwa imepungua lakini haikuisha, ilikuwa imebadilisha nguo tu: sasa aliogopa jua, mbwa, mashimo ya mawe, aliogopa kwamba katika njia panda fulani wangekuwa wamekutana na mtu mwingine mwenye adabu, akawapeleka mbele zaidi. Na alimpigia mama kila baada ya kona, mama tumepita tanuri, mama bado, mama sijui bado. Alivyozidi kulisema ndivyo lilivyozidi kuwa jepesi.

Chini ya msikiti mweupe wa Montong Sapah kulikuwa na berugak. Ndani yake, wamelazwa kama nguo zilizoanikwa, walikuwa wanne. Haziq kandambili imekatika, amefunga mguu kwa kamba ya sufuria. Kavitha na Jia Hui wamelaliana mabegani, pua nyekundu. Syuhada visigino vina malengelenge, kikombe cha kahawa mkononi, na mbele yake bwana mmoja mwenye kilemba amesimama, mkono umenyooka kuelekea kilele cha mlima.

— Mmekaribia sana, alikuwa anasema yule bwana kwa upole. Pale tu. Dakika kumi.

— Dada Mahnep! Syuhada akapiga kelele, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Dada, hiki ni kikombe cha tano! Kila tukiuliza wanatukalisha, wanatupa kahawa, wanatuambia dakika kumi. Tumetembea dakika kumi tangu saa tatu asubuhi!

Mahnep alitaka kumfokea. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, makali, ya mtu mzima, akajikuta amemshika kichwa kwa mkono mmoja na kukigandamiza begani kwake upande ambao Zikri hajalowesha, na alichosema ni:

— Wali umepoa.

Kisha akampa simu.

— Mama? akasema Syuhada. Eh, mzima. Mzima kabisa. Hapana, hatujachoka. Nimekula, mama, nimeshiba.

Mahnep akamtazama. Syuhada akamtazama Mahnep, kisha akatazama visigino vyake.

— Sijala, akasema. Na miguu inaniuma vibaya.

Walirudi kwa zamu, Dira akipanda na kushuka mlima mara tatu, akisema kila safari kwamba hatawadai, kwa sauti ya kutosha wajue ni kiasi gani hawadai. Alasiri ilishasaliwa walipokusanyika tena kijiweni, wanne wamekaa miguu ndani ya beseni la Mama Redio, wanakula ndizi za leo kwa bei ya kuku. Mahnep alikaa sasa kukaa kweli, miguu yote juu. Alikuwa amemtumia mumewe ujumbe: huo unyayo wako niambie ukweli umepona au haujapona, na ukiniambia sijambo nitajua. Alikuwa anasubiri jibu.

— Hata hivyo, akasema Profesa, kitaaluma, wangekuwa wapelelezi wangejifanya wamepotea hivi hivi.

Hakuna aliyempa nafasi, maana barabarani walikuwa wamesimama wawili wapya, mwanamume na mwanamke, weupe waliogeuka wekundu, mabegi yamewazidi urefu, fulana mbichi. Mwanamume alikuwa na karatasi. Akatabasamu, akaisoma kwa shida lakini ikaeleweka vizuri tu:

— Samahani. Batu Jaran, wapi?

Mkono wa Dira ukainuka wenyewe. Ulifika nusu. Mahnep akamgeukia, Syuhada akamgeukia, wanne wote na miguu yao ndani ya beseni wakamgeukia, na mkono ukabaki hewani pale, unaelekea kule pikipiki ilikoelekea. Profesa alifungua mdomo, akakohoa, hakuna muhula uliotoka. Wageni wakasubiri, wakitabasamu, wakitazama uso huu, kisha ule.

Mama Redio akanyanyua birika ili angalau wapewe kitu. Akaliinamisha. Likatoa tope, kisha hewa, na cha kuwapa kikabaki lile neno moja tu.